Mji Ambao Mama Hakuuona: Uchambuzi wa Alasiri Moja ya Msafara wa Harusi

Wiki tatu baada ya harusi nilikabidhi picha 412. Mama mzazi wa bwana harusi aliomba azione kwanza. Akaketi na kompyuta mapajani, akazipitia moja baada ya nyingine bila haraka. Alipofika mwisho aliifunga taratibu, akaniambia, "Mwanangu, picha ni nzuri sana, Mungu akubariki. Lakini huu mji mimi sijauona."

Alikuwa amesafiri siku nzima kuja kushuhudia ndoa ya mwanawe. Kwenye picha zangu yupo penye ngazi za makumbusho, yupo bustanini chini ya mti mkubwa, yupo darajani, yupo kando ya chemchemi ya mji mkongwe, yupo chini ya mnara. Sehemu tano, na kote ametulia na kupendeza. Nikakumbuka kilichokuwa kikitokea upande wangu wa kamera kila mara: mimi nikimwita, "Mama, tazama huku," naye akigeuka kunipa uso, mgongo ukibaki kwa kile alicholetwa kukiona.

Maneno yake hayakuniacha. Nikaamua kuirudia alasiri ile dakika kwa dakika nijue ilikwenda wapi. Bahati nzuri mpiga picha ana shahidi asiyesahau. Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake saa iliyopigwa, hadi sekunde, pamoja na kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga), uwazi wa lenzi na urefu wa lenzi iliyotumika. Asubuhi ile nilikuwa nimesawazisha saa ya kamera yangu na ya msaidizi wangu, jambo ambalo hufanya kila harusi ili picha zetu zipangike kwa mfuatano. Kwa hiyo nilichohitaji ni kukaa chini na kusoma.

Ombi na mpango

Bibi harusi alinipigia simu miezi miwili kabla. Alisema, "Kaka, nataka wazazi wauone mji, na nataka tupate picha za mjini." Leo nikiisoma sentensi ile naona maombi mawili. Wakati ule nilisikia moja tu, lile la pili, kwa kuwa ndilo la kazi yangu. Sehemu kubwa ya yaliyofuata ilianzia hapo.

Ndoa ilikuwa imalizike saa 7 mchana na wageni wafike ukumbini saa 1 jioni. Jua lingezama saa 12:32. Msafara ulikuwa wa watu 17: maharusi wawili, wasimamizi wawili, wapambe sita, watoto wawili wa kubeba maua, wazazi wanne wa pande zote, na babu yake bibi harusi, anayetembelea mkongojo. Mimi na msaidizi tulifanya watu 19 kwenye basi moja dogo. Maharusi ni wakazi wa mji huo. Wazazi wa bwana harusi na babu walikuwa wageni kabisa.

Tukapanga, mimi na bibi harusi, tukiwa na ramani ya simu mkononi. Kuondoka saa 8 kamili. Makumbusho 8:10, bustani ya mimea 9:00, daraja la waenda kwa miguu 9:50, uwanja wa chemchemi 10:40, na mwisho mnara wa kutazamia mji saa 11:30, tupige picha juu jua likishuka. Dakika 40 kila mahali, dakika 10 za njiani. Ukiitazama karatasi ile haina kosa lolote la hesabu. Inajumlika vizuri kabisa.

Ila dakika 10 zile ramani ilizihesabu kwa gari linalotoka mlango huu na kufika mlango ule. Haikumhesabu babu akiteremka ngazi mbili za basi. Haikuihesabu shela.

Yaliyosemwa na faili

Tulifika makumbusho saa 8:25. Picha ya kwanza ni ya saa 8:47. Katikati hapo kuna dakika 22 ambazo mlinzi wa getini, kijana mwenye adabu sana, alikuwa ametusimamisha. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimepiga simu pale nikauliza, "Picha zinaruhusiwa?" nikajibiwa ndiyo. Mlinzi alinieleza tofauti kwa upole. "Karibuni, pigeni kwa simu zenu mpendavyo. Lakini kamera kubwa, stendi ya taa na bibi harusi mwenye shela, hiyo ni kazi, na kazi inahitaji barua." Alikuwa na haki. Aliwasiliana na mkubwa wake, na mwishowe tukaruhusiwa ngazi za nje tu, bila stendi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia ndani ya makumbusho. Picha ya mwisho pale ni ya saa 9:04.

Nisimame kidogo kwenye jambo hili, maana wapiga picha wengi huliona dogo. Kuuliza kama picha zinaruhusiwa ni kuuliza swali lisilo na jibu moja. Sehemu nyingi zinatofautisha picha ya mgeni na picha ya kazi, kundi dogo na mkusanyiko, kamera ya mkononi na kamera iliyowekwa kwenye stendi. Kule New York mkusanyiko wa watu zaidi ya 20 kwenye bustani za umma unahitaji kibali. Taj Mahal hairuhusu stendi za kamera ndani, na siku ya Ijumaa imefungwa kwa watalii. Mnara wa Eiffel wenyewe unaweza kuupiga mchana bila wasiwasi, lakini mapambo ya taa zake za usiku yanalindwa kwa hakimiliki, na anayetaka kuitumia picha ya usiku kibiashara anatakiwa aombe ruhusa kwa waendeshaji wa mnara. Sasa ninapopiga simu ninaeleza hali yote: watu 17, nguo za harusi, mpiga picha wa kulipwa, kamera mbili, taa moja yenye stendi, dakika 30, siku fulani, saa fulani. Na ninaomba jibu la maandishi lenye jina la aliyelitoa, niwe nalo kwenye simu nikifika getini.

Bustani ndiyo iliyokula muda mrefu kuliko kote, dakika 37, kuanzia 9:31 hadi 10:08. Hapo nilipiga picha za familia. Orodha ilikuwa na makundi 14: maharusi na wazazi wa mke, maharusi na wazazi wa mume, wazazi wote wanne, na babu, na babu pamoja na mama, na wapambe wa kike, na wa kiume, na kadhalika. Nimegawanya muda kwa idadi: dakika mbili na nusu kwa kila kundi, na karibu wote huo ni wa kuita, kusogeza na kusubiri mtu arudi kutoka msalani. Shata yenyewe haichukui kitu.

Kilichoniuma ni mpangilio wa orodha ile. Babu alikuwa kundi la 2, la 5, la 6, la 9, la 11 na la 14. Maana yake nilimketisha na kumwinua mara tano, mzee wa mkongojo, kwenye joto la saa 9 na nusu. Hakulalamika hata mara moja. Kwenye picha ya kundi la 11 anatazama chini, na ya 14 nimelazimika kuiacha kwa sababu amefumba macho katika zote nne nilizopiga. Ningeanza naye, makundi yake sita mfululizo akiwa amekaa kwenye kiti na wengine wakimzunguka, angemaliza ndani ya dakika 15 akaachwa apumzike na kuangalia miti.

Na kuna swali zito zaidi ya mpangilio: picha zile zilihitaji bustani? Nimezitazama tena zote. Kundi la watu saba linapigwa kwa uwazi mdogo wa lenzi, f/8 au karibu na hapo, ili safu ya mbele na ya nyuma zote ziwe na ukali. Kwa mtoto asiyetulia, shata iwe walau 1/250 ya sekunde. Nyuma yao kuna majani ya kijani. Ukuta wowote safi wenye kivuli, pale pale ndoa ilipofungwa, ungetoa picha ileile. Tulisafirisha watu 17 kupita mji ili wasimame mbele ya majani.

Darajani tulikaa dakika 12. Daraja lina upana wa mita tatu hivi na lina wapita njia. Watu 17 kwa safu mbili hujaza upana wa mita tano, na ili kuwaingiza wote kwa lenzi ya milimita 35, kwenye kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, mpiga picha anahitaji kurudi nyuma mita tano pia. Kwa hiyo tulipanga watu kwa urefu wa daraja na kuziba njia ya wenye haraka zao. Ningejua haya kwa kwenda siku moja kabla na utepe wa kupimia.

Kisha likatokea lililonikasirisha sana siku ile. Tulipohesabu watu kurudi garini, wapambe wawili hawapo. Simu zao zilikuwa kwenye mkoba mmoja alioubeba msimamizi wa bibi harusi, maana gauni za wapambe hazina mifuko. Dakika 19 tuliwatafuta. Walikuwa ng'ambo ya mto, wameketi ukingoni wakitazama mashua zinavyopita chini ya daraja. Walirudi mbio wakiomba radhi, na sikuwaficha hasira yangu. Leo nikiwaza, katika watu wote waliopanda basi lile, wale wawili ndio waliofanya tulichosema tunakwenda kufanya.

Uwanja wa chemchemi, picha kuanzia 11:16 hadi 11:33. Mwanga ulikuwa umeanza kuwa mzuri hasa. Lakini watoto walishachoka, mmoja alilia, baba yake bibi harusi alikuwa akitazama saa. Nilipata picha mbili za maharusi ninazozipenda mpaka leo. Kati ya wengine sioni hata uso mmoja ulio na shauku.

Halafu kuna pengo. Kuanzia 11:33 hadi 12:04 faili zangu hazina kitu. Dakika 31. Basi lilikuwa kwenye foleni ya watu wanaotoka kazini, na jua lilikuwa limeshuka na kulainika, likiingia kwa dirisha la upande wa kulia na kumulika nyuso za wazazi waliosinzia. Tulipofika chini ya mnara ilikuwa 11:58. Mnara ulifungwa saa 12:30, ndiyo saa tuliyoisoma na kuipangia. Tulichokosa kusoma ni mstari wa chini yake: wa mwisho kupanda aingie kabla ya 11:45. Nikapiga picha za dakika tano barabarani, watu wakiwa wameinua vichwa kutazama kule ambako hawakufika, na saa 12:09 tukaingia garini kwenda ukumbini.

Hesabu ya mwisho

Kuanzia saa 8:00 hadi 12:09 ni dakika 249. Picha zilichukua 88. Zilizobaki ni 161, nami nimezigawa kadiri ya kumbukumbu na faili: 22 za mlinzi, 19 za kuwatafuta wapambe, 58 za basi kutembea, na 62 za kupanda, kushuka na kukusanyika.

Zile 62 ndizo nilizozitazama kwa muda mrefu. Ni zaidi ya saa nzima, na kwenye mpango hazikuwepo kabisa, hata dakika moja. Kwa kila kituo ni dakika 12 hivi. Bibi harusi hupanda wa mwisho na kushuka wa kwanza, watu wawili wakimshikia gauni. Babu anahitaji mkono wa mtu na muda wake. Watoto wafungwe mikanda. Mmoja amesahau ua kwenye benchi. Hakuna mzembe katika haya. Ndivyo watu 17 waliovaa nguo za harusi wanavyosogea, na wangekuwa 25 ingekuwa zaidi. Ukipunguza vituo kutoka vitano hadi viwili, umerudishiwa zaidi ya nusu saa bila kumharakisha mtu yeyote.

Lakini hesabu ya dakika haitoshi kueleza kauli ya mama. Tungeweza kuwahi kila mahali, tukapanda na mnara, na bado asiuone mji. Nimejaribu kuhesabu kitu kingine: picha ambazo mama yule anatazama kitu kisichokuwa kamera. Katika 412 nilizokabidhi zipo tatu. Moja anatazama gauni la mkwewe, ya pili anatazama mtoto anayelia, ya tatu anatazama saa ya ukutani kwenye ngazi za makumbusho.

Kuuona mji na kupigwa picha ni kazi mbili zinazotaka mwili ule ule kwa wakati ule ule. Anayeona anahitaji kutembea, kusimama atakapo, kugeuka, kuuliza, kurudi nyuma. Anayepigwa picha ya kupangwa anatakiwa atulie, akae kwenye mstari, atazame anapoambiwa. Tulizifunga pamoja tukidhani moja itabebwa na nyingine. Kamera ikashinda, kwa sababu kamera ina mtu anayepaza sauti, na mnara hauna.

Hapa lazima nimtendee haki bibi harusi. Nilimpigia nikamsimulia niliyoyaona kwenye faili, nikapendekeza kwamba tungewatenganisha: maharusi huku, wazazi kule. Alinyamaza kidogo. "Kaka, mimi nilitaka tuwe pamoja. Sikutaka wazee wakae ukumbini kwa saa nne wakisubiri sisi tupigwe picha." Nimelifikiria sana jibu lile, na naliona ni la haki kuliko mipango mingi ya wataalamu wa harusi inayowaacha wazazi kwenye viti vya plastiki mpaka jioni. Suluhisho linalopuuza shauku yake si suluhisho. Swali ni kuwa pamoja wapi, na kwa muda gani.

Ningeipanga hivi siku ile ile

Nimeichora upya alasiri ile nikiwa na watu wale wale, vivutio vile vile na jua lile lile.

Picha za familia zingemalizika kabla ya kuondoka. Ndoa imekwisha saa 7; kuanzia 7:15 hadi 7:45 tuko kwenye kivuli cha ukuta wa jengo lile lile, wote bado wamo, hakuna aliyechoka, hakuna gari la kupanda. Orodha ningeipunguza kutoka makundi 14 hadi 9, baada ya kukaa na mama wa pande zote mbili na kuuliza zipi zitatundikwa ukutani kweli. Babu kwanza, watoto wa pili, wapambe mwisho. Mtu mmoja wa familia, anayewajua wote kwa sura, angeshika karatasi na kuita majina. Mimi nisingeita mtu.

Saa 8 magari mawili. Basi dogo libebe wazazi, babu, watoto na wapambe, pamoja na kiongozi wa watalii anayeujua mji na anayeweza kujibu maswali ya mzee. Wao waende makumbusho, na waingie ndani. Bila kamera kubwa na bila shela, mlinzi angewafungulia kama wageni wengine wowote. Kutoka hapo bustanini, kwa mwendo wa babu. Vituo viwili tu kwa saa mbili na robo.

Gari la pili ni la maharusi, wasimamizi wao wawili, mimi na msaidizi. Sisi tungekwenda uwanja wa mji mkongwe na darajani. Wao ni wenyeji, wamepita pale mara nyingi. Kwao vivutio vile ni mandhari ya nyuma, na sioni ubaya wowote katika hilo. Kinachobaki ni jua kali la saa 8 na 9. Likiwa juu, nyusi hutupa kivuli machoni na gauni jeupe hupoteza nakshi zake. Uwanja ule una varanda zenye matao, na kivuli chake kinapokea mwanga uliorudishwa na mawe ya chini, mwanga mpole unaotoka usawa wa uso. Hapo ningetumia lenzi ya milimita 85 kwa uwazi mkubwa wa f/2, umbali wa mita sita hivi kwa picha za mwili mzima. Watu wanne wanaweza kusimamishwa, kusogezwa na kurudishwa mara tatu bila mtu yeyote kuumia.

Saa 10:15 tungekutana bustanini, wote 17. Hapo ndipo ile "pamoja" aliyoitaka bibi harusi. Wazee wangekuwa wameshafika, wamekaa, wana ya kusimulia kuhusu makumbusho. Ningebeba lenzi ya milimita 35 na kutembea pembeni yao bila kuita jina la mtu. Ukisimama ubavuni, pembeni ya mtu na kile anachokitazama, unapata uso wake na unapata kitu chenyewe kwenye kona ya picha, na yeye hajanyang'anywa chochote. Ni ufundi unaotaka subira. Kwa miaka mingi nimeupuuza kwa sababu wateja wengi huuliza, "Mbona hapa hatuangalii kamera?"

Saa 11 kamili wote kwa pamoja kuelekea mnarani, kabla foleni haijashika, na hata ikishika tuna dakika 45 kabla ya lango kufungwa. Kuna lifti hadi juu, kwa hiyo babu naye anapanda. Mwanga wa jua linaloshuka haungojei mtu: jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na likikaribia upeo wa macho kila dakika kumi rangi imebadilika. Hapa umbali wa mahali kutoka ikweta hubadilisha mambo sana. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na baada ya kuzama una kama dakika 21 tu kabla halijafika nyuzi 6 chini ya upeo na mwanga wa anga kuwa hafifu. London mwezi wa Juni kipindi hicho hicho huchukua zaidi ya dakika 40, kwa kuwa jua linazama kwa mshazari. Anayepanga alasiri ya picha kwa kunakili ratiba ya mji mwingine atajikuta gizani au atasubiri bila sababu. Kwa siku yetu ile, kuanzia 11:30 hadi 12:10 juu ya mnara zingetosha, na saa 12:35 tungekuwa ukumbini.

Gari la pili na kiongozi wa watalii ni gharama, na si kila familia itaimudu. Isipowezekana, ningebaki na basi moja na vituo viwili, bustani na mnara, na kuwaomba maharusi tutoke siku nyingine asubuhi na mapema, sisi watatu na msaidizi, kwa picha za mjini. Gauni linavalika mara ya pili. Nisingekubali tena vituo vitano, hata nikilipwa zaidi. Na swali langu la kwanza kwa mteja limebadilika. Zamani niliuliza, "Mnataka picha wapi?" Sasa naanza na, "Nani kati yenu anauona mji huu kwa mara ya kwanza?" Majibu yake yameniondolea nusu ya vituo kwenye orodha kabla hatujafika kwenye mambo ya mwanga.

Mama yule alikaa mjini siku nne zaidi. Siku ya tatu, jioni, maharusi walimpeleka mnarani bila mimi, bila wapambe, bila gauni. Bibi harusi alinitumia picha moja aliyoipiga kwa simu. Imeyumba kidogo na upeo umeinama. Mama amesimama kwenye kizuizi cha juu, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umenyooshwa kuelekea mtoni, na inaonekana anauliza kitu. Uso wake hauonekani. "Kaka, hii iwe ya mwisho kwenye albamu," aliandika.

Programu ya ujumbe ilikuwa imeibana hadi pikseli (nukta za picha) 1,600 kwa upande mrefu, ambazo kwa uchapaji mzuri hutoa sentimita 13 na nusu. Niliichapa kwa ukubwa huo, katikati ya ukurasa mweupe.